Kutoka Makina hadi JKIA: mwongozo wa anayesafiri mara ya kwanza, na wa wanaobaki nyumbani

Alhamisi moja, saa kumi na mbili kasoro jioni, mama mmoja wa Makina aliingia kwa ajenti wetu karibu na stage, leso imemwanguka begani, simu mkononi. Aliomba awekewe shilingi 8,500 kwa akaunti. Ajenti anamjua mama huyu kwa miaka, na akaona mikono inatetemeka. Akamuuliza kama kuna mgonjwa nyumbani.

"Hapana. Mtoto wangu ameshikwa eapoti."

Binti yake alikuwa ametoka nyumbani saa tano unusu mchana akielekea Doha kufanya kazi, safari yake ya kwanza ya ndege. Familia nzima ilimsindikiza, ikarudi. Saa kumi na moja mtu akapiga simu. Alikuwa na Kiswahili safi, sauti ya ofisi, na nyuma yake kelele kama za matangazo ya uwanja wa ndege. Alijua jina la binti, lote, majina matatu. Alijua anaenda Doha. Akasema cheti chake cha homa ya manjano kina kasoro, kwamba maafisa wamemweka kando, kwamba simu yake imechukuliwa na ndege itaondoka ndani ya saa moja. Faini ni elfu sita. Mama akajaribu kumpigia binti: hapatikani. Akatuma elfu sita. Baada ya nusu saa wakataka elfu nane na mia tano zingine.

Ajenti wetu hakubishana naye. Aliuliza tu ndege ilikuwa ya saa ngapi. Mama alijua ni ya jioni, basi. Wakafungua picha ya tiketi iliyokuwa WhatsApp, wakaangalia namba ya ndege kwa intaneti, na ikaonekana: iliruka saa kumi na dakika arobaini, na sasa imeshavuka mpaka wa kaskazini. Binti hakuwa ameshikwa na mtu. Alikuwa amekaa dirishani, simu yake imezimwa kama walivyoambiwa wote.

Zile 8,500 zilibaki. Zile 6,000 hazikurudi. Ombi la kurudisha lilipotufikia, pesa zilikuwa zimeshatolewa taslimu, na mahali pengine kabisa.

Mama ametupa ruhusa tusimulie kisa chake, jina lake tumeliacha. Tangu hapo tumekuwa tukiulizwa maswali mengi ya safari na wateja wa Makina, Lindi, Kawangware na kwingineko, na tukaamua kuyakusanya hapa. Kuna miongozo mingi ya JKIA inayokuambia wapi pa kunywa kahawa. Huu ni wa mtu anayetoka mtaani kwetu, ambaye pesa zake zote ziko kwa simu, na ambaye familia yake pia pesa zake ziko kwa simu.

Laini yako imeandikwa jina la nani?

Swali hili linawashangaza watu, wanadhani tutaanza na pasipoti. Tunaanza hapa kwa sababu hapa ndipo tunaona shida nyingi.

Makina hatua ya kwanza ya safari ni kitambulisho, na kitambulisho hakijakuwa rahisi kwa kila mtu. Familia za Wanubi zimekaa Kibera zaidi ya miaka mia moja, tangu wakati wa King's African Rifles, lakini kwa miaka mingi vijana wao waliitwa mbele ya kamati za kuchujwa kabla ya kupewa kitambulisho ambacho jirani yao alipata kwa kupanga foleni tu. Mwaka 2011 kamati ya Afrika inayosimamia haki za watoto iliamua kwamba Kenya ilikiuka haki za watoto wa Kinubi katika jambo hili la uraia. Matokeo yake kwa upande wetu ni haya: wengi walisajili laini ya simu kwa kitambulisho cha shangazi, cha kaka, cha mwenye duka. Kitambulisho kikaja baadaye, laini ikabaki vilevile.

Ukiwa Makina si shida kubwa. Ukisahau namba ya siri, shangazi anapiga simu mara moja, mambo yanaisha. Ukiwa Riyadh na laini imefungwa, mwenye laini kwa macho yetu ni shangazi. Sisi hatuwezi kukufungulia wewe, hata ukitutumia picha ya pasipoti. Kwa hivyo kabla ya safari, ukituma pesa kwa mtu unayemwamini, mwambie akusomee jina lililotokea. Kama si lako, nenda duka la huduma na kitambulisho chako na mwenye laini, mbadilishe usajili. Fanyeni hivyo mapema, siku ya safari mtakuwa na mambo mengine.

Pesa za karatasi za serikali

Pasipoti ya kurasa 34 ni shilingi 7,550 tangu bei zilipopanda Machi 2024. Cheti cha tabia njema kutoka DCI, ambacho waajiri wengi wa Ghuba hukitaka, ni shilingi 1,050. Vyote unaomba kwa eCitizen, na malipo yote ya serikali huko hupita namba moja ya kulipia, 222222. Namba ya akaunti unaandika ile iliyo kwenye ankara yako, na kabla ya kuweka namba ya siri soma jina linalokuja.

Mtu akisimama nje ya Nyayo House akakuambia umtumie kwa namba yake ya kawaida "ili faili isukumwe," hayo si malipo ya pasipoti. Ni zawadi umempa. Ukirudi kutuomba tuirudishe tutajaribu, lakini utakuwa umetuma mwenyewe, kwa hiari, kwa jina uliloliona. Tunasema hivi bila kumcheka mtu. Tunajua foleni ilivyo na tunajua ajenti wa kazi anavyopiga simu kila siku akiuliza pasipoti iko wapi.

Na kuhusu huyo ajenti wa kazi: kampuni za kupeleka watu nje zinasajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, NEA, na orodha yake iko wazi kwa mtandao. Tafuta jina la kampuni kabla ya kutuma hata shilingi moja. Kampuni iliyosajiliwa itakuwa na namba ya kulipia yenye jina la kampuni. Ukiona jina la mtu binafsi, uliza kwa nini, na usikubali jibu la haraka.

Chanjo ya homa ya manjano uichome angalau siku kumi kabla ya safari, kwa sababu cheti huanza kufanya kazi siku ya kumi. Ukishachanja, cheti ni cha maisha. Kilikuwa cha miaka kumi lakini Shirika la Afya Duniani lilibadilisha hilo mwaka 2016. Kwa hivyo kama mzee wako alichanjwa zamani akienda Hija na bado ana ile kadi ya njano, aitafute kwanza kabla ya kulipia nyingine.

Kama ndugu wamechanga safari, jueni akaunti moja ya pesa kwa simu haibebi zaidi ya shilingi 500,000, na muamala mmoja hauzidi 250,000. Viwango hivyo ni vya Agosti 2023. Harambee kubwa hugonga ukuta hapo na michango huanza kurudi, watu wanafikiri mmewakataa.

Barabara

Safari ya nje, fika saa tatu kabla. Kutoka Makina hesabu nyingine saa mbili, na mvua ikinyesha usihesabu, ondoka tu.

Wa bei nafuu hupanda matatu hadi town, kisha 34 inayoenda eapoti. Inafaa ukiwa na begi moja. Ukiwa na masanduku mawili na shangazi watatu, kodini gari, mshuke Lang'ata Road au mchukue Southern Bypass hadi Mombasa Road. Mombasa Road ikikwama kuna Expressway juu yake, ile ya kilomita 27 kati ya Westlands na Mlolongo, ina mlango wa kushukia JKIA. Ni ya kulipia, kwa hivyo kubalianeni na dereva nani analipa kabla hajapanda juu. Tumeona ugomvi wa mia tatu ukiharibu siku ambayo ilikuwa ya kulia kwa furaha.

Kabla ya kutoka nyumbani angalia ujumbe wa shirika la ndege. Tarehe 11 Septemba 2024 wafanyakazi wa uwanja waligoma kwa sababu ya mpango wa Adani, na maelfu ya watu walikaa nje na masanduku yao. Waliosoma ujumbe mapema walisubiri nyumbani, wakanywa chai.

Langoni na ndani

Hapa watu wa mara ya kwanza hushtuka. Kabla hata hujaona jengo, gari linasimamishwa kwenye lango la ukaguzi na abiria wote wanashuka. Mnapita kwa mguu kwenye mashine, dereva anapita na gari upande wake, mnakutana mbele. Ni kawaida, hamjafanya kosa. Msiache simu kwenye trei. Hilo tunaliomba kwa unyenyekevu, maana kila mara kuna anayetupigia kwa simu ya mtu mwingine akitaka akaunti yake ifungwe.

Uwanja wenyewe ni wa zamani kuliko wengi wetu. Ulifunguliwa 1958 ukiitwa Embakasi, na sehemu ya kazi ngumu ya kuujenga ilifanywa na watu waliofungwa wakati wa vita vya Mau Mau, jambo ambalo halijaandikwa kwenye ukuta wowote unaopita. Majengo haya yaliyojipanga kama nusu duara ni ya 1978. Agosti 7, 2013 upande wa kupokea abiria wa nje uliungua, na kwa muda watu walihudumiwa ndani ya mahema. Ukisikia wazee wakielekeza njia ambayo haipo, wanakumbuka kabla ya moto.

Leo kwa kawaida safari za nje za Kenya Airways ziko 1A, mashirika mengi mengine ya nje yako 1B na 1C, na 1D ni ya safari za ndani ya nchi. Terminal 2 iko mbali kidogo na haya, usishushwe huko kwa makosa. Mambo hubadilika, kwa hivyo tiketi yako ndiyo ya kuaminiwa, wala si sisi wala dereva.

Wasindikizaji hawaingii. Mlango wa kuondokea ni wa mwenye tiketi na pasipoti peke yake, kwa hivyo maombi, picha na machozi yafanyieni nje. Chakula kikavu unaweza kubeba: mahamri, gurusa za mama zilizokunjwa vizuri, hakuna shida. Achari, asali na mchuzi weka kwenye begi kubwa linalopelekwa chini, kwa sababu begi la mkononi halikubaliwi chupa ya majimaji inayozidi mililita 100. Tumesikia hadithi ya kopo la achari ya embe lililobaki kwenye meza ya ukaguzi, na mwenyewe bado analitaja miaka mitatu baadaye.

Sasa tuongee pesa za humo ndani. Ada ya huduma ya uwanja tayari imo kwenye bei ya tiketi yako. Hakuna dirisha la "ada ya kuondoka" la kulipa kwa simu ya mtu. Ukaguzi hauna ada. Muhuri wa pasipoti hauna ada. Begi likizidi uzito, hapo ndipo kuna malipo ya kweli, na unalipa kwa shirika la ndege, unapewa risiti. Kwa hivyo mtu yeyote aliyevaa koti la kung'aa akikuambia "nitumie kitu kidogo nikupitishe," hana kitu cha kukuuzia.

Kubadilisha shilingi kwa dola au riyali, fanya town siku moja au mbili kabla. Kwa kawaida maduka ya eapoti yanakupa bei mbaya, na wanajua huna pengine pa kwenda. Ukibeba dola 10,000 au zaidi, au thamani hiyo kwa pesa nyingine, lazima utangaze kwa maafisa wa forodha. Wengi wetu hilo halituhusu, lakini kuna wanaobebeshwa bahasha na watu wasiowajua vizuri. Usibebe bahasha ya mtu. Kama ana pesa za kutuma, kuna sisi.

Nusu saa kabla ya kuzima simu

Turudi kwa yule binti wa Doha. Matapeli walimjua vipi?

Alijieleza mwenyewe. Akiwa amekaa kwenye geti, saa tisa na kitu, alipiga picha pasi ya kupandia ndege akaiweka kwa Facebook, na maneno ya kumshukuru Mungu. Ni picha nzuri kweli, kucha zimepakwa hina, pasipoti mpya chini yake. Kwenye ile karatasi kuna majina yote, namba ya ndege, saa, na anakoenda. Dada zake wakaandika chini ya picha, shangazi akamtaja mama kwa jina, na namba ya mama iko kwenye ukurasa wa biashara yake ya mandazi. Tapeli hakuhitaji mtu wa ndani wa eapoti. Alihitaji dakika kumi na uvumilivu wa kusubiri ndege iruke.

Kusubiri huko ndiko kunakofanya utapeli huu ufanye kazi. Nairobi hadi Doha au Dubai ni kama saa tano. Hadi London ni zaidi ya saa nane. Kwa muda wote huo familia ikipiga simu inajibiwa hapatikani, na hapatikani inafanana kabisa na kushikwa. Siku nyingine yoyote mama huyu angempigia binti na utapeli ungekufa hapo hapo.

Kwa hivyo picha weka ukishafika. Hata ukiiweka baadaye, ficha majina na ile michoro ya mistari.

Ukiwa bado kwenye geti, na chaji ipo, kuna mambo machache ya kumaliza. Tuma kwa familia namba ya ndege, saa ya kuondoka na saa ya kufika kwa saa za Nairobi, kwa SMS ya kawaida, si kwa sauti ambayo mtu atasahau. Mwambie mmoja wao, mwenye simu ya intaneti, kwamba yeye ndiye wa kuangalia ndege. Washa huduma ya kutumia laini nje ya nchi kabla hujaondoka, kwa sababu kuna mitandao ambayo ukishavuka huwezi kuiwasha tena, na bila laini hutapokea ujumbe wetu wa kuthibitisha. Acha kwenye akaunti kiasi kidogo cha dharura. Pesa ya ada ya shule ya mdogo wako na ya kodi, itume sasa kwa anayelipa, iwe kwake, kwa jina lake.

Hilo la mwisho ni kwa sababu ya jambo ambalo tunaliona kila wiki. Mtu anasafiri, anamwachia kaka laini na namba ya siri, "utakuwa unatoa kidogo kidogo." Kaka ni mtu mzuri. Lakini kaka anaandika ile namba kwenye daftari, daftari linakaa dukani, na siku pesa zikipotea hakuna anayeweza kujua nani alizitoa, na sisi kumbukumbu zetu zinaonyesha mwenye laini alitoa mwenyewe. Undugu unaisha kwa elfu nne. Mtumie kaka. Laini usimwachie.

Na mkubaliane neno. Neno moja ambalo tapeli hawezi kulipata Facebook: jina la paka aliyekufa, jina la utani la babu, kitu mlichopika siku fulani. Mtu akipiga akasema msafiri ana shida, aulizwe neno. Afisa wa kweli hatakasirika. Na afisa wa kweli hapigii familia kuomba faini kwa namba ya mtu binafsi.

Ukishafika

Hamad kule Doha na Heathrow kule London wana wi-fi ya bure, kwa hivyo huna haja ya kusubiri kununua laini ndipo uandike nyumbani. Fungua simu, ungana, andika umefika, weka lile neno. Baadaye ndiyo ufuate masanduku.

Kwa wazee wetu wanaoenda London kuona wajukuu, tahadhari ndogo. Sisi Nairobi tunajisifu kwamba hatubebi pesa mfukoni, na ni kweli, lakini London nao wamekwenda mbali kwa njia yao: mabasi ya mji huo yameacha kupokea pesa taslimu tangu 2014. Treni za kutoka Heathrow kuingia mjini unagusisha kadi mlangoni, unaingia. Shilingi zako hazina kazi hapo na akaunti ya simu ya Kenya haigusishwi. Kama una kadi ya benki inayofanya kazi nje, iambie benki kabla ya safari. Kama huna, mjukuu akupokee mlangoni na kadi yake. Usione haya kumwomba.

Kutuma pesa nyumbani ukishaanza kupata mshahara, linganisha vitu viwili kwa pamoja: ada, na bei wanayokubadilishia. Wengine hutangaza ada sufuri wakakula kwenye bei. Mwaka 2024 Wakenya walio nje walituma nyumbani karibu dola bilioni 4.9, na ukubwa huo ndio unaovuta kila aina ya mtu kwenye biashara hii, wazuri na wengine. Tumia kampuni yenye leseni, na mara ya kwanza tuma kiasi kidogo uone kinafika kwa jina gani. Yule jamaa wa chumba cha pili anayesema ana "njia yake ya haraka," mwache na njia yake.

Laini yako ya Kenya itumie angalau mara moja kwa mwezi, hata kwa kuangalia salio. Laini iliyokaa miezi bila kutumika inaweza kufungwa na baadaye kupewa mtu mwingine, na kuna watu wamerudi baada ya mkataba wa miaka miwili wakakuta namba yao inapokelewa na mwanafunzi wa Eldoret.

Wanaobaki

Mama wa Makina alituuliza swali ambalo hatukuwa na jibu zuri lake. Alisema: hizo sheria zenu zote ni za kichwa kilichotulia, na mimi siku hiyo sikuwa na kichwa. Tukamwambia ni kweli. Kwa hivyo tunawaomba ninyi majirani, wajukuu, na maajenti wetu hasa. Mtu akija kutuma pesa kwa sababu mtoto wake ameshikwa eapoti, msimwambie ametapeliwa, hatasikia. Muulizeni ndege ni ya saa ngapi na mtafute namba yake pamoja. Ikishaonekana iko angani, kichwa kinarudi chenyewe.

Kama pesa zimeshatumwa, piga simu kwa huduma kwa wateja papo hapo, kabla ya kumpigia tena tapeli kumtukana. Kila dakika anaitumia kutafuta pa kutolea. Tupe namba ya muamala iliyo kwenye ujumbe. Tukikuta pesa bado ziko kwenye akaunti tunaweza kuzizuia wakati tunachunguza, zikishatolewa hatuwezi. Kisha uripoti polisi upewe namba ya OB, kwa sababu bila hiyo mtandao wa simu na sisi hatuna pa kuendelea.

Mwezi wa nne mdogo wake yule binti naye alisafiri, safari hii Dubai. Ndege ilikuwa ya usiku. Mama alikaa na karatasi ya saa iliyobandikwa kwenye friji, na simu iliyokuja saa saba usiku kutoka namba asiyoijua aliijibu kwa swali moja, jina la paka. Mtu akakata. Saa kumi na moja alfajiri ukaja ujumbe kutoka Dubai, na jina la paka liliandikwa kwa makosa ya herufi mbili, kwa hivyo mama akampigia kwa video kuhakikisha.